Maswali ya Wasomaji: Mradi wa Mjukuu, Mkono wa Babu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimeandikwa na mababu na mabibi wanaokaa na wajukuu wao saa za alasiri na jioni, ambao hukabidhiwa mkasi, gundi, karatasi ya manila na agizo la mwalimu lililokunjwa mara nne, kisha hutazamwa kwa macho ya kutegemea. Tumechagua saba. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya walioandika hatukuyataja.

SWALI: Mimi ni seremala mstaafu. Mjukuu wangu wa miaka kumi aliagizwa shuleni atengeneze mfano wa daraja la vijiti. Nilianza kwa kumwonyesha namna ya kukata, lakini nilipokuja kushtuka nilikuwa nimelimaliza daraja lote peke yangu, na yeye amesinzia kitini. Lilikuwa zuri mno. Mwalimu alimwita mbele ya darasa aeleze kwa nini vijiti vya ubavuni vimepangwa kwa pembetatu, naye hakuwa na la kusema. Alirudi nyumbani akilia, na sasa hataki nimsaidie tena. Nilikosea wapi, na nifanye nini?

JIBU: Shikamoo, babu. Barua yako imetuchukua muda kuliko zote, kwa sababu kosa unalolieleza hufanywa zaidi na wanaoijua kazi kuliko wasioijua. Asiyewahi kushika msumeno hana shida ya kumwachia mtoto. Yule aliyetumia maisha yake kukata mbao zikakaa sawa ndiye anayeumia akiona kijiti kimekatwa kombo, na mkono wake huenda wenyewe kukirekebisha.

Tuanze na daraja. Shule haikuwa na haja ya daraja. Mwalimu alitaka mtoto agundue jambo ambalo wewe umelitumia miaka yote, pengine bila kulitamka. Ukiunganisha vijiti vinne kwa pini penye pembe zake ukapata mraba, kisha ukausukuma kutoka upande mmoja, mraba unainama na kulala, ingawa hakuna kijiti kilichobadilika urefu. Lakini vijiti vitatu vikiunganishwa vivyo hivyo kuwa pembetatu, umbo halisogei mpaka kijiti kivunjike au pini ichomoke. Ndiyo sababu mlango wa mbao hutiwa ubao wa mshazari nyuma yake, na ndiyo sababu madaraja mengi ya chuma, mapaa na minara huonekana kama safu za pembetatu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulivumbua hilo kwa vijiti saba na dakika chache za kuchezea, na akishalivumbua kwa mkono wake, swali la mwalimu halimtishi tena.

Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliosaidiwa na mtu mzima kujenga piramidi kwa vipande vya mbao vinavyoshikamana. Msaada ule waliufananisha na jukwaa ambalo mafundi husimamisha kando ya ukuta. Wewe unalijua jukwaa kuliko sisi: halibebi nyumba, humbeba fundi, na ukuta ukishasimama hushushwa. Walitaja pia kazi za msaidizi, nazo ni kumvuta mtoto aitake kazi, kuipunguza iwe ya kiasi anachokiweza, kumrudisha kwenye lengo anapopotea, kumwonyesha kilicho muhimu, kumtuliza mambo yanapokataa, na kumfanyia mfano ambao baadaye atauiga mwenyewe.

Kwa kazi ijayo, gawaneni vifaa: msumeno na kisu viwe vyako, penseli na rula viwe vyake, nawe ukate pale tu alipochora. Akikosea nusu sentimita, kata palepale alipochora, mradi vijiti vya akiba vipo, kwa sababu pengo atakaloliona kwenye kiungo litamfundisha kupima mara mbili kuliko onyo lako. Mkono ukiwasha, na utawasha, chukua vijiti vingine ukajenge daraja lako mwenyewe pembeni. Hatufanyi mzaha, hii ndiyo njia bora tunayoijua ya kumwonyesha mtoto mbinu bila kuigusa kazi yake, kwani atatupa jicho, ataiga kinachomfaa na kukiacha kisichomfaa.

Kuhusu yaliyopita, mwombe radhi kwa maneno ya wazi: "Kazi ilikuwa yako, nami nikaichukua." Mtoto hupoa upesi akisikia mzee ametaja kosa lenyewe badala ya kulizungukazunguka. Kisha, kama daraja bado lipo, mwalike alivunje. Liwekeni kati ya viti viwili, apakie vitabu katikati kimoja baada ya kingine, na aandike ni kitabu cha ngapi kilicholivunja na ni kiungo kipi kilichotangulia kuachia. Hapo atakuwa amepata la kueleza. Na kwenye kila kazi mtakayoifanya pamoja, aandike mstari mmoja chini: "Babu alikata vijiti, mimi nilipima, nikachora na kuunganisha." Mwalimu makini atautaka mstari huo kuliko daraja lisilo na dosari.

SWALI: Nilimsaidia mjukuu wangu kuchora mfumo wa jua, nikamtajia sayari tisa kama nilivyozikariri shuleni. Mwalimu ameikata Pluto kwa kalamu nyekundu. Tangu siku hiyo kila ninalomweleza mtoto huniuliza, "Una hakika, bibi?" Je, sisi tulifundishwa uongo?

JIBU: Hapana, bibi. Mlifundishwa kilichokubalika wakati ule. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh nchini Marekani mwaka 1930, na kwa miaka 76 ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa. Baadaye darubini zenye nguvu zaidi zilionyesha kwamba ng'ambo ya njia ya Neptune kuna magimba mengi ya barafu na mawe, na mwaka 2005 likatangazwa moja, ambalo sasa huitwa Eris, lenye ukubwa unaokaribiana na wa Pluto. Ikabidi kuamua ama idadi ya sayari iendelee kuongezeka, ama neno lenyewe liwekewe mipaka. Agosti 2006, katika mkutano uliofanyika Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliamua kwamba sayari ni gimba linalolizunguka jua, ambalo uvutano wake unatosha kulifanya duara, na ambalo limeisafisha njia yake likabaki ndilo kubwa humo. Pluto inatimiza masharti mawili ya kwanza na kushindwa la tatu, ndipo ikawekwa katika kundi la sayari kibete. Zilizobaki ni nane: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptune.

Usikubali alama ile nyekundu iende bure. Mwambie mjukuu aibandike Pluto pembezoni mwa karatasi na aeleze kwa maneno yake kwa nini bibi alihesabu tisa na yeye anahesabu nane, kwa maana hapo mradi wake utakuwa na kitu ambacho huenda hakuna mwingine darasani anacho, yaani habari ya namna elimu inavyojirekebisha. Na si Pluto pekee. Wengi wetu tulifundishwa kwamba uyoga ni mmea. Leo watoto hufundishwa kwamba kuvu, ambayo uyoga ni mojawapo, ni kundi lake lenyewe, mpangilio uliopata nguvu baada ya Robert Whittaker kupendekeza makundi makuu matano ya viumbe mwaka 1969. Atlasi ya zamani kabatini haina Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, wala jina la Eswatini, lililotangazwa mwaka 2018. Jizoeze kusema, "Mimi nilifundishwa hivi, hebu tutazame kitabu chako kinasemaje." Na lile swali la "Una hakika, bibi?" usilihesabu kuwa utovu wa adabu. Ni swali zuri kuliko mengi anayoulizwa darasani.

Kuna jambo jingine ambalo kalamu nyekundu hupita bila kuligusa. Michoro mingi ya mfumo wa jua hupanga sayari zikikaribiana kama shanga kwenye uzi. Kama Dunia ingekuwa ushanga wa sentimita 1, Jua lingekuwa mpira wenye kipenyo cha sentimita 109, yaani zaidi ya mita moja, na ushanga huo ungepaswa kukaa umbali wa mita 117 hivi kutoka kwenye mpira. Hakuna karatasi ya manila itakayobeba ukubwa na umbali kwa kipimo kimoja. Nendeni uwanjani, mwekee ushanga mkononi, ahesabu hatua mpaka afike panapostahili, kisha arudi aandike chini ya mchoro wake kwamba ukubwa na umbali havikuchorwa kwa kipimo. Miguu yako ikiwa imechoka, wewe kaa penye Jua.

SWALI: Mjukuu wangu aliotesha maharage katika vikopo viwili, kimoja akakiweka dirishani na kingine kabatini gizani, ili aonyeshe kwamba mimea huhitaji mwanga. Baada ya siku kumi mche wa kabatini ulikuwa mrefu kuliko wa dirishani. Niliona mradi umeharibika na kwamba mtoto atachekwa, basi usiku nikabadilisha vibandiko vya majina. Asubuhi alifurahi sana. Hajui mpaka leo, nami moyo unanisuta.

JIBU: Mwambie leo, bibi, kabla hajaiwasilisha kazi hiyo, na kama ameshaiwasilisha, mwambie vilevile, kisha mwende pamoja kwa mwalimu. Hatusemi hivyo kwa kukulaumu. Tunasema hivyo kwa sababu mradi haukuwa umeharibika hata kidogo, bali ulikuwa umefanikiwa, na vibandiko ndivyo vilivyouharibu.

Mbegu ya harage imebeba akiba yake ya chakula katika yale mapande mawili manene unayoyaona yakipanda juu pamoja na mche. Kwa siku za mwanzo mche huishi kwa akiba hiyo, wala haujahitaji kujitengenezea chakula. Ukijikuta gizani, hutumia karibu nguvu zake zote kurefusha shina upesi ukitafuta mahali penye mwanga, kama ambavyo ungefanya kama ungekuwa umefukiwa ardhini. Kwa hiyo huwa mrefu, lakini mwembamba, wenye majani madogo, na rangi yake huwa ya manjano iliyopauka, kwa sababu klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, haikutengenezwa. Mche wa dirishani hauna sababu ya kukimbia. Hubaki mfupi, mnene na wa kijani. Akiba ikiisha, ule wa gizani hulala na kufa. Mtoto aliyeona urefu na kuandika urefu alikuwa ameona sawasawa. Kilichokosekana ni safu nyingine katika jedwali lake: rangi, unene wa shina, ukubwa wa majani, na siku ambayo mche ulishindwa kusimama.

Tungependa mjukuu arudie jaribio hilo, safari hii kwa mbegu tano kila upande badala ya moja, kwa kuwa mbegu moja inaweza kuwa dhaifu au kuoza, na hapo mtoto huhukumu mwanga kwa kosa la mbegu. Maji yawe ya kiasi kilekile, udongo uwe uleule, na apime kwa rula saa ileile kila siku. Kazi yako wewe iwe moja tu, kumkumbusha saa ya kupima ikifika. Usiguse kikopo. Na atakapoona tena kwamba wa gizani umeutangulia wa mwanga, muulize anadhani ni kwa nini, kisha unyamaze muda mrefu kuliko unavyopenda. Sisi tumewahi kuona mtu mzima akihesabu kimoyomoyo hadi ishirini ili asijibu swali alilouliza mwenyewe, na mtoto akajibu kwenye kumi na nane.

SWALI: Sikufika mbali shuleni, na kusoma kwangu ni kwa shida. Mjukuu wangu amepewa kazi ya kumhoji mzee wa familia na kuchora mti wa ukoo. Naogopa nitamwaibisha. Je, si afadhali aende kwa mzee mwingine aliyesoma?

JIBU: Bibi, katika kazi zote zilizotajwa kwenye barua hizi, hii ndiyo pekee ambayo wewe si msaidizi bali ndiwe chanzo. Unayoyajua hayamo katika kitabu chochote ambacho mjukuu wako angeweza kukifungua. Kusoma na kuandika ni kazi yake: yeye akusomee agizo la mwalimu kwa sauti, yeye aandike maswali, yeye aandike majibu au ayarekodi kwa simu kwa idhini yako. Wewe unahitajika ukumbuke tu.

Hata hivyo kukumbuka nako kuna ufundi wake. Mzuie asianze na "Nieleze maisha yako," kwa sababu swali hilo huzaa jibu refu lisilo na kitu ndani. Chagueni jambo dogo moja, kama vile safari yako ya kwanza mbali na nyumbani, kazi uliyopewa ulipokuwa na umri wake, au siku redio ilipoingia nyumbani kwenu. Swali la "Mlikuwa na redio?" hufungwa kwa neno moja. Akiuliza, "Siku ile redio ilipoletwa, nani walikuwepo na mlifanya nini?" utajikuta unaona hata mlango ulioingiziwa. Shika mkononi kitu cha wakati huo kama kipo, picha au chombo chochote, kwa maana mkono nao una kumbukumbu.

Unaposimulia, mtenganishie mambo matatu: uliyoyaona kwa macho yako, uliyosimuliwa na wengine, na unayoyadhani. Aweke alama tofauti kwa kila moja. Wanahistoria hufanya vivyo hivyo, na mtoto akilizoea hilo akiwa mdogo atakuwa amepata kitu kinachowashinda watu wazima wengi. Usipoukumbuka mwaka, usiutaje wowote ili kumridhisha. Sema, "Ilikuwa kabla mama yako hajazaliwa, lakini nilikuwa nimeshaolewa," naye atafanya hesabu aandike kwamba ilikuwa kati ya mwaka fulani na fulani. Hilo ni jibu kamili. Na kama kuna jambo linalouma ambalo hutaki kulitoa kwa mtoto, kusema "Hilo sitalisimulia" nako ni jibu kamili, tena aliandike hivyo hivyo.

Kwa mti wa ukoo, mwanzishie hesabu kabla hajagusa karatasi. Kila mtu ana wazazi 2, mababu na mabibi 4, nyuma yao 8, na nyuma ya hao 16; asipoamua mapema ataishia wapi, karatasi itajaa akiwa upande mmoja tu. Fomu zilizochapwa tayari mara nyingi hazitoshi familia halisi, basi achore familia yake ilivyo, pamoja na anayelelewa na bibi, mwenye mama wa kambo, na waliokwisha kufariki. Lugha yetu humtendea mema hapa, kwa kuwa shangazi si mama mdogo na mjomba si baba mkubwa, hivyo neno lenyewe humwambia ni tawi la upande gani. Mfundishe pia kwamba mtoto wake yeye atakuwa kitukuu wako, na mtoto wa huyo atakuwa kilembwe. Tunasikitika kuona maneno hayo mawili yakisikika kwa nadra, na huenda mti huo ukawa mahali pa kwanza atakapoyaandika.

SWALI: Baba mkwe wangu anaishi nasi na ni mwalimu mstaafu. Kila mradi anaokuja nao mwanangu wa miaka tisa, yeye huuandika upya kwa maneno yake na kumwamuru mtoto anakili. Sentensi zinapendeza, lakini si za mtoto. Nikisema neno naonekana nimemvunjia heshima. Mume wangu ananyamaza.

JIBU: Mama, wa kwanza kusema na baba ni mume wako, si wewe, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuachia mzigo usio wako. Aseme naye faraghani, siku isiyo ya mradi, mtoto akiwa hayupo. Hoja ya kumpelekea ni ya kiualimu, kwa kuwa baba ataielewa kuliko mtu yeyote nyumbani humo: mwalimu wa darasa akipokea kazi safi, hawezi kujua mtoto anakwama wapi, na hawezi kumfundisha asichokijua kama kimefichwa.

Kisha msimnyang'anye kazi mkamwacha mikono mitupu. Mwombeni awe mtahini. Mtoto akimaliza rasimu yake, amsomee babu, na babu amuulize maswali matatu magumu. Penye kosa la tahajia au la sarufi, aweke nukta pambizoni mwa mstari bila kuandika sahihisho, na mtoto alitafute mwenyewe. Mwalimu aliyeshika chaki kwa miaka mingi ataiona kazi hiyo kuwa na hadhi kuliko ya kuandikia mtu insha.

Tuongeze la kwetu, ingawa hukuuliza. Baadhi ya miradi inayoletwa nyumbani imezidi umri wa mtoto kiasi kwamba mzee yeyote mwenye huruma lazima aishike. Mtoto wa miaka tisa anapoagizwa mashine yenye mota kwa siku mbili, aliyekosea si babu. Mwandikieni mwalimu kwa adabu, mkieleza ni sehemu ipi ambayo mtoto aliweza na ipi hakuweza.

SWALI: Mjukuu wangu anataka kutengeneza mfano wa volkano inayofoka. Je, kuna hatari?

JIBU: Siki ikichanganywa na bikaboneti ya soda, ule unga unaotumika kuumulia keki, hutoa povu lililojaa hewa ya kaboni dioksidi, na kwa kiasi kidogo katika chombo kilicho wazi haina madhara makubwa zaidi ya kuchafua meza. Msiufunge mchanganyiko huo ndani ya chupa, kwa kuwa hewa itaipasua. Kamwe msijaribu kuuboresha kwa dawa za usafi: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na siki au dawa ya kusafishia choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Na kama mradi una taa ndogo, chungeni sana betri za duara zilizo kama kifungo, hasa penye wadogo zake. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, hivyo mtoto hupelekwa hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Mwambie pia kwamba volkano halisi haina siki wala soda. Miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi huwa na gesi ndani yake, na inapopanda, mgandamizo hupungua, gesi hutoka kama ilivyo kwa chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa, na kuisukuma ile miamba nje. Mfano wake unafanana na volkano kwa sura tu, na aandike hivyo.

SWALI: Mjukuu wangu anaishi mbali, nasi huonana kwa simu ya video. Nitamsaidiaje nami siko naye mezani?

JIBU: Una bahati kuliko unavyodhani, babu, kwa sababu mkono wako haufiki kwenye gundi. Mwombe asimamishe simu ielekee mezani badala ya usoni, ili uone anachokifanya. Usimpigie kila siku. Pangeni simu tatu kwa mradi mmoja, ya kwanza akiwa bado hajaanza, ili akueleze agizo la mwalimu kwa maneno yake, ya pili akiwa amekwama, na ya tatu akiwa amemaliza. Katika ile ya kwanza, mara nyingi utagundua kwamba hajalisoma agizo hadi mwisho, na hapo hukati simu bali unasubiri akalisome. Katika ile ya tatu akuelezee kazi yote kana kwamba wewe ndiwe darasa, simu ikiwa mbali kiasi cha kumlazimu kupaza sauti. Usiposikia, mwambie hukusikia. Pasipoeleweka, mwambie hukuelewa, hata kama ulielewa.